Ameondoka Kwenda kwa Gudi

Alhamisi, 2 Julai 1959

Nasor anakuja. Naandika hilo kwanza ndipo niandike mengine.

Simu ya maandishi imefika leo kabla ya adhuhuri. Shemeji yangu Sleiman, kaka mkubwa wa mume wangu Nasor, ndiye aliyekwenda posta ya Chake wiki iliyopita kuwauliza kwa simu wale matajiri wa malori kule Mombasa, anakofanya kazi Nasor: yu hai au kafa? Miaka miwili ametoka hapa Wawi, na miezi minane hii hatujapata barua wala salamu. Jibu limekuja kwa Kiingereza, maneno sita, yote kwa herufi kubwa: NASOR LEFT FOR GOOD 30 JUNE.

Sleiman amesoma mpaka darasa la sita, na hajatuacha hata siku moja tukalisahau. Akavaa miwani ya marehemu baba yake, isiyomsaidia kitu, akakohoa.

"LEFT ni ameondoka," akasema. "FOR ni kwenda, kama wasemavyo meli left for Zanzibar, yaani imeondoka kwenda Unguja. Na GOOD..." Akanitazama juu ya miwani. "GOOD ni wema. Kaondoka kwenda kwa Wema. Si weye huyo, shemeji? Weye Mwanawema!"

Mkwe wangu, Bi Kazija, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Mie nilikimbilia chumbani. Kwani wao hawajui lile nilijualo. Nasor alipokuwa akijifundisha Kiingereza kwenye kijitabu chake, aliacha kuniita Wema, akaniita Gudi. "Wema ni good, basi weye ni Gudi wangu." Alikuwa akiniita hivyo mlango umefungwa. Leo naliona jina langu la chumbani limepigwa chapa na serikali.

Nimejiuliza kidogo: matajiri wa malori wamelijuaje? Itakuwa aliwaambia mwenyewe, naondoka, nakwenda kwa Gudi. Daftari hili nimelianza ili akifika asome kila siku niliyomngoja, asije akadhani nilikuwa nimelala.

Jumamosi, 4 Julai

Nimepaka chokaa chumba. Hajafika.

Jumatano, 8 Julai

Meli ya Mombasa imeingia. Sleiman kenda bandarini na kanzu ya Idi. Karudi peke yake, kanzu ina vumbi. Anasema labda kapanda meli ya Tanga.

Jumapili, 12 Julai

Hajafika.

Jumamosi, 18 Julai

Karafuu zimeanza kuiva, na wachumaji wameingia shambani tangu juzi. Mwaka huu zimebeba, hata vijiti vya pembeni. Mie na Bi Kazija tunakaa uani tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, huku, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

Mtu aliyeondoka Mombasa tarehe thelathini Juni hawi njiani siku kumi na nane. Hata angekuja kwa kuogelea. Basi kasimama mahali. Na mwanamume husimama wapi?

Jirani yetu Thuraiya, aliyeachwa mwaka jana, amejifunga kanga mpya, doti nzima, na leo kapita hapa ananukia udi asubuhi ya kazi. Nikamwuliza, "Kunani kwako, harusi?" Akacheka. "Mwenzangu, mtu hajifukizi mpaka awe na mume?" Nimelitia akilini cheko lile. Thuraiya ana shangazi Tanga.

Alhamisi, 23 Julai

Bi Kazija kapata barua. Kaletewa mkononi na mtu aliyeshuka melini. Nilipotoka jikoni nikamkuta anaikunja.

"Ya nani, mama?"

"Ya mtoto wa ndugu yangu, wa Makoongwe. Ananisalimu tu."

Mtoto wa ndugu yake wa Makoongwe hajui kuandika. Mie ndiye niliyemwandikia barua ya posa mwaka juzi, alinitumia maneno kwa mdomo. Nimerudi jikoni kwangu. Lakini nimeandika.

Jumatatu, 27 Julai

Jambo geni. Leo nimepewa kichwa cha changu. Miaka mitano niko nyumba hii, kichwa cha samaki ni cha Bi Kazija, hata Sleiman hakigusi. Kanisogezea sahani, "Kula, mwanangu." Wema wa ghafla una lake jambo. Nimekila, lakini kwa mashaka, na mwiba ukanikwama.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeingia mwezini. Sina haja ya kuliandika hilo, ila Bi Kazija kaniuliza. Tangu lini mkwe akamwuliza mtu haya? Na mume hayupo! Nilipomjibu, katoa uzi mweupe kwenye pindo la kanga, akaufunga fundo moja mbele yangu, akaurudisha.

"Fundo la nini, mama?"

"La kukumbuka."

"Kukumbuka nini?"

"Weye chambua karafuu zako."

Damu imenipanda kichwani. Mwanamke anayehesabu miezi ya mkaza mwanawe anatafuta mimba. Mume hayupo miaka miwili, yeye anatafuta mimba! Nani kamtia maneno?

Jumanne, 11 Agosti

Ndugu yangu Mmanga kaleta salamu kutoka Tumbe, mdogo wetu anaolewa wiki ijayo, niende. Bi Kazija kakataa. Yeye, anayependa harusi kuliko bibi harusi mwenyewe! "Hwendi popote, Mwanawema. Kaa nyumbani. Usijifukize, usitembeze miguu." Kama mfungwa. Nimelia mbele yake kusudi. Na yeye kalia. Sasa yeye analilia nini?

Jumatano, 12 Agosti

Hajafika.

Alhamisi, 20 Agosti

Leo nina mengi.

Mwalimu Mbarouk wa skuli kapita barazani. Huyu ndiye aliyeniposa kabla ya Nasor, na marehemu baba yangu, Mzee Ngwali, akamkataa kwa kuwa alikuwa bado hajapata kazi. Tangu hapo tukikutana ni sabalkheri, sabalkheri, kila mtu na njia yake. Leo kasimama. Sleiman alikuwa akimhadithia kwa mara ya mia ile simu yake, na alivyoifasiri. Kaitoa mfukoni, imekwisha kuwa laini kama kitambaa.

Mbarouk kaisoma. Kaisoma tena. Kisha kanitazama kwa macho ya mtu anayekuja kutaarifu msiba.

"Ndugu Sleiman," akasema, "hii sivyo. For good si kwenda kwa mtu. For good ni neno moja. Maana yake kaondoka moja kwa moja."

"Sasa mie nimesema nini?" Sleiman akaruka. "Kaondoka moja kwa moja, kuja kwa Wema!"

"Si kuja. Kaondoka moja kwa moja, basi."

Nikaona nimwulize mwenyewe. "Mwalimu, moja kwa moja mpaka wapi? Mtu huenda moja kwa moja mpaka mahali."

Kainamisha kichwa. "Hii haina mahali, Bi Mwanawema. Maana yake ni milele. Harudi tena kule alikoondoka."

"Kule Mombasa ndiko harudi! Si vizuri hivyo?"

"Ndiyo. Lakini simu haisemi anakuja huku. Hilo ndilo ninalosema. Haisemi anakuja kokote."

Sleiman kamwambia kuwa skuli za siku hizi zinawaharibu watu. Bi Kazija alikuwa ndani ya mlango. Nilimwona mguu tu, na mguu ukarudi ndani.

Mie nimeshapata jibu langu. Mbarouk hajaoa mpaka leo. Nasor akirudi, yeye kakosa. Nasor asiporudi, huenda akapata. Ndiyo Kiingereza chake hicho! Na mwenye kumtia Bi Kazija maneno ya mimba ni nani, kama si watu waliomwona Mbarouk akinisalimu?

Jumamosi, 29 Agosti

Nimemtega Mbarouk. Nimempelekea salamu kupitia kwa Thuraiya kwamba kama ni mkweli aniazime kamusi yake. Kaileta mwenyewe, kaiweka barazani, kaondoka bila ya kukaa. Ujanja wa hali ya juu.

Nimeifungua uani, mikono myeusi ya karafuu. Nimetafuta milele. Wallahi Waingereza wana milele nyingi! For ever, always, eternal, everlasting, perpetual, permanent. Nimezinakili zote nyuma ya daftari hili. Watu ambao hawakai mahali, leo wako Unguja, kesho wamehamishwa, wanafanyia nini milele zote hizo? Na hakuna hata moja yenye good ndani yake.

Nikafungua G nilione lenyewe. Ukurasa haupo. Kutoka goat naingia gram, katikati pametafunwa. Mchwa, utasema. Mchwa gani anayejua kuchagua? Kauchana! Nimepiga paja kwa furaha ya kumnasa. Kisha furaha ikanishuka ghafla, sijui kwa nini, nikaendelea kuchambua.

Jumanne, 1 Septemba

Nimeingia mwezini. Fundo la pili.

Jumanne, 15 Septemba

Maulidi. Wote wamekwenda, mie nimeachwa kulinda karafuu majamvini. Sauti za kasida zinafika mpaka hapa. Jua kali, mawingu hakuna. Hajafika.

Alhamisi, 24 Septemba

Bi Kazija kaamka na homa, na Sleiman kapeleka magunia kituo cha kuuzia karafuu, akasahau jamvi la kufunikia. Nikampelekea mie, nimejifunika buibui mpaka pua, nikapata na nafasi ya kumwuliza mtu asiyenijua. Karani wa kituo anaitwa Soud, mtu wa Unguja, ukimsikia tu unamjua kwa lafudhi. Nikamwonyesha orodha yangu ya milele, nikamwambia ni ya mtoto wa skuli.

Kacheka kwa raha. "Bibi, hizi kila moja ina mahali pake. Permanent ni ya kazi. Mimi hapa karani permanent, maana yake siku wakitaka kunifukuza lazima waniandikie barua. Eternal na everlasting ni za Mungu, na za makaburini kwao. For ever wanaandikiana wachumba, hiyo haina dhamana."

"Na for good?" Nikajifanya nauliza tu.

"For good ni ya mtu aliyetoka. Mtu akiondoka for good, usimwekee chakula."

"Mbona neno baya hivyo wameliita zuri?"

"Ah, bibi, wewe waulize wao."

Nimerudi njia nzima sioni. Miezi mitatu karibu nafunika sahani ya Nasor kwa kawa. Lakini nilipofika mlangoni nikakumbuka: Soud huyu na Mbarouk hucheza karata pamoja kila Ijumaa, Sleiman kasema. Wamepatana. Ndiyo, wamepatana.

Chakula cha Nasor nimekiweka. Nimekifunika. Kisha nimekaa nikalitazama lile kawa.

Jumatano, 30 Septemba

Fundo la tatu. Bi Kazija kalifunga polepole, kisha kalibusu lile fundo, kasema Alhamdulillahi, machozi yanamtoka. Nimemwuliza, "Mama, unanishuku?" Kashtuka kabisa. "Weye? Weye nikushuku kwa lipi?"

Basi kama si mimba, anahesabu nini?

Ijumaa, 9 Oktoba

"Sasa ukitaka kwenda Tumbe kuwaona wazee wako, nenda," kaniambia Bi Kazija asubuhi, hanitazami. Miezi miwili kanifungia, leo mlango wazi. Nimekataa. Mtu akikufungulia mlango kwa haraka namna hii, uangalie anataka utoke au anataka nini. Mie nangoja mume wangu.

Mawingu yameanza upande wa Vitongoji.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mvua ya rasharasha. Tumeanua, tumeanika, tumeanua. Mgongo sina.

Jumapili, 18 Oktoba

Leo naandika yote, hata nikimaliza daftari.

Mvua ya vuli imeshuka baada ya adhuhuri bila ya kubisha hodi. Jua lilikuwa likiwaka, majamvi kumi na moja yako wazi, na ghafla kukawa giza upande wa Chake. Tukakimbia sote, mie, Bi Kazija na homa yake isiyoisha, Sleiman, hata Thuraiya kaja mbio kutusaidia, kanga yake mpya imejaa tope. Karafuu ikipata maji imekufa, inakuwa nyeupe, haina harufu wala mnunuzi. Tukawa tunakunja majamvi na kuyaburura ukumbini.

Hapo Bi Kazija akapiga ukelele, "Msahafu! Kunavuja juu ya rafu! Mwanawema, uondoe msahafu!"

Nikaingia chumbani kwake. Maji yalikuwa yakidondokea mfuko wa msahafu. Niliponyanyua, ikaanguka barua, imefungwa kwa uzi mweupe wenye mafundo matatu.

Nikajua kabla ya kusoma. Najua hati ya Nasor. Kaandika kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, herufi ambazo mie na mama yake tunazisoma bila ya kamusi ya mtu.

"Mama yangu mpenzi, baada ya salamu. Mie nimeoa huku, na nahamia Kampala na mke wangu. Mwanawema nimemwacha, talaka tatu, leo tarehe 30 Juni, mbele ya mashahidi wawili. Mwambie anisamehe. Mwanao, Nasor."

Hata Gudi hakuniita.

Nimeuweka msahafu juu ya kitanda, pakavu. Nimetoka. Majamvi manne yalikuwa bado nje, nikayakunja pamoja nao. Nilingoja mpaka la mwisho likaingia, maana karafuu hazina kosa.

Kisha nikaitoa barua kifuani mbele yao wote. Sleiman kaichukua, kaisoma, kakaa chini palepale juu ya makonyo. Maskini hakuwa akijua. Thuraiya kashika mdomo.

"Tangu Julai, mama," nikasema. "Tangu kile kichwa cha changu!"

Bi Kazija kavua kanga ya kichwani, kaikamua maji, kaivaa tena.

"Sikukudhulumu eda yako ya kuachwa," akasema. "Nimekukalisha eda kwa haki. Nimehesabu hedhi zako tatu, fundo kwa fundo, tangu ilipofika barua, isipungue hata siku. Umekaa kwangu, umekula kwangu, hukujifukiza, hukutoka. Leo u huru, huna deni la mtu."

"Nimekaa eda sijui kama nakaa eda! Mtu huacha mke, mke asijue? Nilimwekea chakula, mama! Ulikuwa ukiniona kila siku nafunika sahani!"

"Nilikuwa nikiona."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipovunjika. "Ningekwambia ungeondoka siku ile ile. Nasor kanitupa kama alivyokutupa weye. Sleiman ana mkewe Mkoani, hukaa huku na huku. Mie nina nani? Nilisema, nipate vuno hili moja tu na Mwanawema. Vuno moja. Niliogopa, mwanangu."

Nimemkasirikia mpaka naona nyota, na nimemwonea huruma, na hivyo viwili vimekaa kifuani mwangu pamoja havipishani. Nilimshuku kuwa ananitafutia mimba. Nilimshuku Thuraiya kwa udi wake, naye ndiye aliyechafua kanga yake kwa karafuu za watu. Nilimshuku Mbarouk kwa ukurasa ulioliwa na mchwa. Kila mtu nilimpa kosa lisilo lake, na aliyeniacha nilimfunikia wali.

Na lile neno. Miezi miwili nazunguka na kamusi nikitafuta Kiswahili cha for good, nauliza mpaka makarani. Kiswahili chake ni hesabu tu, anaijua hata mtoto wa chuoni. Tatu. Talaka moja ina marejeo, mbili zina marejeo. Tatu ndiyo for good.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimemrudishia Mwalimu Mbarouk kamusi yake. Nimemwomba radhi kwa niliyomdhania, bila ya kumwambia niliyomdhania. Kasema, "Ile G ililiwa na mchwa mvua za mwaka juzi." Kisha, "Pole, Bi Mwanawema." Hakuongeza. Nimemshukuru kwa kutoongeza.

Sleiman bado anabisha kidogo. "Lakini neno kwa neno, shemeji, GOOD ni wema." Nikamwambia ndiyo, shemeji, neno kwa neno hukukosea.

Jumanne, 20 Oktoba

Mmanga kaja kunichukua, sanduku na godoro vimepanda gari. Karafuu zote zimeshakauka, nimezifagia mwenyewe zile zilizopenya pembeni mwa majamvi, nikazitia guniani. Vuno lake moja kalipata kamili.

Bi Kazija katoka mpaka barabarani na fimbo. Kanishika mkono kwa mikono miwili, vidole vyake vyeusi na vyangu vyeusi, huwezi kujua kipi cha nani. Kanitilia kitu kiganjani. Ule uzi.

"Kwa heri ya kuonana, mwanangu," akasema.

"Kwa heri, mama."

Hakuniachia mkono. Alikuwa akingoja nimalizie, kama watu wote wamaliziavyo. Mmanga kaniita mara mbili, dereva kapiga honi.

"Ya kuonana," akanikumbusha, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Nikambusu kiganja chake. Nikapanda gari. Sikumalizia.